Nilivyohamisha watu wa Mama kwenda kompyuta mpya

Kompyuta ya nyumba yetu ya wageni ililiwa na chumvi. Nyumba iko Mkomani, Lamu, na dirisha la ofisi linaelekea baharini. Kusi ikivuma, unyevu huingia mpaka ndani ya kibodi. Ilianza herufi moja kukataa, kikafuata kitufe cha nafasi, na kufikia Julai mashine ikawa inajizima yenyewe mara tatu kwa siku. Mama, ndiye mwenye nyumba, aliniambia: “Mwanangu, mashine ni mashine. Watu wangu tu wasipotee.”

Watu wake walikuwa majina 640 kwenye kitabu cha anwani, pamoja na barua pepe zote tangu 2011. Tulikuwa tunatumia Windows Live Mail, programu ya barua pepe ya Microsoft. Wenyewe waliacha kuihudumia tarehe 10 Januari 2017, ila sisi tuliendelea nayo kwa kuwa Mama ameizoea na kila kitu kilikuwa mahali pake. Kompyuta mpya ilikuja na Windows 11, na ile programu haipakuliki tena kutoka kwa wenyewe. Ikawa tunahama nyumba na mtaa kwa siku moja.

Nilichagua Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe. Ni ya bure, lakini kilichonivuta ni kwamba inaweza kuweka barua na anwani ndani ya mashine yenyewe. Mtandao ukikatika, Mama anafungua barua ya mgeni na kuona anashuka uwanja wa ndege wa kisiwa cha Manda saa ngapi, ili boti imsubiri.

Kabla sijagusa chochote nilikagua jambo moja ambalo nawasihi wote walikague: akaunti yenu ni ya POP au ya IMAP, yaani njia mbili za kupokea barua pepe? Kwa IMAP, barua hubaki kwenye seva, na ukifungua akaunti kwenye mashine mpya zinashuka zenyewe. Yetu ilikuwa POP. Barua zilishushwa kwenye kompyuta ya zamani kisha zikafutwa kule juu, kwa hiyo barua za miaka yote ile zilikuwa kwenye diski moja iliyoshika kutu. Nilinunua flashi siku hiyohiyo. Bahati nzuri, Live Mail huweka kila barua kama faili yake peke yake, lenye mwisho wa .eml. Nilinakili folda nzima, nikaongeza kwenye Thunderbird programu ndogo ya nyongeza iitwayo ImportExportTools NG, nikaiambia iingize kila faili pamoja na folda ndogo zilizo ndani. Ilichukua tangu adhuhuri mpaka alasiri, na haikudai zaidi ya subira.

Anwani ndizo zilizonitoa jasho.

Live Mail inakupa njia mbili za kuzitoa. Ukichagua kadi za VCF, unapata faili moja kwa kila mtu, yaani mafaili 640. Ukichagua CSV, unapata faili moja la maandishi, kila mtu na mstari wake, na vipengele vimetenganishwa kwa mkato. Nilichukua CSV. Kosa langu ni kwamba nililifungua kwanza kwenye Excel ili nifute majina yaliyojirudia, nikahifadhi, nikafunga. Nilipolifungua tena, namba ya nahodha wetu wa mashua ilisomeka hivi: 2.54722E+11. Zote zilizoanza na 254 zilikuwa hivyo. Excel iliona tarakimu 12, ikadhani ni hesabu, ikaondoa alama ya kujumlisha iliyokuwa mbele, ikazifupisha. Na CSV huhifadhi kile kinachoonekana kwenye kisanduku. Tarakimu zilizobaki zilikuwa zimekwenda. Majina ya wageni wetu wa Ufaransa na Ujerumani nayo yaliharibika, kila herufi yenye kialama juu yake imegeuka kuwa herufi mbili zisizosomeka.

Kilichoniokoa ni kwamba kompyuta ya zamani ilikuwa bado mezani. Kijana mmoja alikuwa ameshataka kuinunua kwa ajili ya vipuri, nami nilikaribia kukubali. Niliiwasha, nikaomba Mungu isijizime, nikatoa CSV upya. Safari hii sikuipitisha Excel. Niliifungua kwa Notepad, nikaihifadhi upya kwa kuchagua UTF-8, mfumo wa kuandika herufi unaotunza vialama, nikaipeleka moja kwa moja Thunderbird. Hapo utaonyeshwa orodha ya safuwima, na ni juu yako kulinganisha: jina la kwanza na jina la kwanza, simu ya mkononi na simu ya mkononi. Usiharakishe. Mara ya kwanza safuwima moja ilisogea, na barua pepe za watu zikaingia mahali pa anwani za nyumbani. Nilifuta kitabu chote nikarudia. Majina yaliyojirudia niliyafuta baadaye, ndani ya Thunderbird.

Lakini CSV haibebi makundi. Mama alikuwa na makundi yake: wa Maulidi, wa Desemba, wenye mashua, mafundi. Yote yalikuja yamechanganyika, mstari kwa mstari. Tulikaa dakani, pale barazani mlangoni, jioni tatu, mimi na kompyuta mapajani, yeye na kahawa yake, nikawa nasoma jina na yeye anajibu. “Huyo wa Desemba, huja na mwanawe mpenda kobe.” “Huyo fundi chokaa, weka.” “Huyo alikuja mara moja, akalia siku ya kuondoka. Muweke wa Desemba, atarudi.” Alimjua kila mmoja. Pale nilitambua kwamba nusu ya kitabu cha anwani haikuwahi kuwa kwenye kompyuta. Sasa maneno yake naandika kwenye sehemu ya maelezo chini ya kila jina, kwa sababu Thunderbird ina nafasi hiyo na mimi sina kumbukumbu yake.

Kuna waliokuwa hawamo kabisa: watu tuliowajibu mara moja tu, ambao Live Mail haikuwaingiza kitabuni. Hao niliwatafuta ndani ya folda ya barua zilizotumwa, mmoja mmoja.

Siku hizi, kila Alhamisi usiku, nafunga Thunderbird kwanza, halafu nanakili folda yake yote ya wasifu kwenye flashi, na flashi inalala nyumbani kwa dada yangu Langoni. Folda hiyo ina barua, anwani na mipangilio yote. Kompyuta hii ikifa, nitaibandika kwenye nyingine.

Tulipomaliza wenye mashua, Mama alinisimamisha kwenye jina la yule nahodha. Namba imerudi kamili, tarakimu zote 12, lakini akasema hiyo ni ya zamani, alibadilisha laini tangu mwaka jana. Asubuhi nilishuka gatini. Nilimkuta anakaza kamba, akanitajia namba mpya polepole huku ameshika tezi, nyuma ya mashua, kwa mguu, nami nikaiandika kiganjani kwa kalamu, nikapanda nayo mpaka ofisini.