Nguzo ya Katikati

Usiku wa kuamkia Jumapili moja ya Julai 2018, saa nane na dakika zake, daraja lilianguka sebuleni kwetu Iyunga, Mbeya. Kwanza ulisikika mlio mmoja mkavu, kama kijiti kinapokatika. Kisha vipande vikamwagika kwenye sakafu ya saruji, vikaendelea kumwagika, kama mahindi yanayomiminwa kutoka kwenye debe. Nje, lori la kwenda Tunduma lilikuwa limeshapita, vioo vya madirisha vikiwa bado vinatetema.

Mjomba alikuwa afike siku hiyohiyo saa kumi alasiri.

Mjomba alikuwa mtu wa genge la matengenezo ya reli, TAZARA, miaka mingi kwenye kipande cha Mlimba hadi Makambako, pale reli inapoliacha bonde la Kilombero na kupanda kuja nyanda za juu, mahandaki na madaraja yakifuatana. Daraja nililomjengea kwa matofali ya LEGO, yale ya plastiki ya kuchezea yanayoshikana, lilikuwa mfano wa lile la Mto Mpanga, ambalo nguzo zake zinakaribia mita 50. Nilitaka alione amekaa kwenye kochi, akiwa na chai mkononi.

Niseme kwanza kuhusu vipimo, maana ndivyo vilivyoniumiza. Reli za LEGO zina upana wa takriban milimita 38 kati ya chuma na chuma. Reli ya TAZARA ina milimita 1,067. Gawanya, unapata mara 28. Ukifuata kipimo hicho kwa haki, nguzo ya mita 50 inakuwa karibu mita 1.8, yaani matabaka zaidi ya 180 ya matofali, juu kuliko kimo cha mjomba mwenyewe. Haiwezekani kwa mtu anayekusanya matofali ya mitumba. Nikaamua reli ibaki kwenye kipimo chake na nguzo zipunguzwe hadi matabaka 60. Tofali moja lina kimo cha milimita 9.6 bila kuhesabu vinundu vya juu, kwa hiyo 60 ni sentimita 57.6. Kwa macho zilitosha kabisa. Unapoziangalia kutoka chini, ukiwa umechuchumaa, unaliona bonde.

Matofali yenyewe niliyapata Mwanjelwa, kwenye salfeti la midoli ya mitumba, shilingi 35,000 baada ya kupatana. Nilipotoa vichwa vya wanasesere na magari mabovu zilibaki kilo 9 za vipande. Kwa anayenunua kwa kukadiria: tofali la 2 kwa 4 lina uzito wa gramu 2.3 hivi, kilo moja ni kama matofali 430 ya aina hiyo, lakini salfeti halikupi aina moja. Linakupa kila kitu, cha miaka yote. Hilo halina shida, na ndilo ninalolipenda zaidi katika kazi hii. Tofali lenye mirija ndani liliombewa hataza Denmark tarehe 28 Januari 1958, na la wakati huo bado linashikana na lililotoka kiwandani mwaka jana.

Niliyaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, yakiwa ndani ya kipande cha chandarua cha zamani kilichofungwa mdomo, ili vidogo visiende na maji. Maji yasizidi nyuzi 40. Mtu anayemwagia maji ya birika atapata vibapa, vile vipande vyembamba, vilivyopinda, navyo havirudi. Kukausha ni kivulini. Jua letu la Julai ni baridi mwilini lakini kali kwa plastiki, na nyeupe na kijivu hugeuka manjano. Kisha nikachambua kwa umbo, si kwa rangi. Wengi huanza na rangi kwa sababu inapendeza, halafu wanakaa saa nzima wakitafuta kibapa chekundu cha kinundu kimoja ndani ya beseni la vyekundu vitupu. Ukichambua kwa umbo, jicho lenyewe linaiokota rangi.

Katika kuchambua ndipo nilipopata bandia. Tofali halisi lina jina la LEGO juu ya kila kinundu. Lisogeze mwangani ukiwa umeliinamisha, utaliona. Haya yalikuwa na vinundu vitupu. Nilihitaji matofali 540 ya 2 kwa 4, matatu kwa kila tabaka, matabaka 60, nguzo tatu. Halisi yalikuwa 441. Yalipungua 99. Bandia zilikuwepo, za kijivu kilekile, zinashikana, hata zinabana kuliko halisi. Nikazitumia. Nikazipanga zote kwenye nguzo ya katikati, tabaka la 15 hadi la 47, nikiamini kwamba katikati hakuna atakayechungulia.

Sasa, saa nane usiku, nikiwa nimepiga magoti na tochi ya simu mdomoni, ndio niliona kilichotokea. Nguzo mbili za pembeni zilikuwa zimesimama. Ya katikati ilikuwa imepasuka kutoka juu hadi chini. Haikuvunjika vipandevipande kama inavyoangukaga. Ilipasuka kama gogo la mkaratusi linalopigwa shoka, ubao mzima upande huu na ubao mzima upande ule. Upasuko ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi.

Nikapima kwanza kimo. Tofali moja halikuambii kitu kwa rula ya shule, panga kumi. Halisi kumi: milimita 96. Bandia kumi: 97. Tofauti ya milimita moja kwa matofali kumi huioni ukiyashika mkononi. Kwa matabaka 33 ni milimita 3.3, na hicho ni kimo cha kibapa kizima na zaidi kidogo, kwa kuwa vibapa vitatu ndivyo vinavyofanya tofali moja. Kwa hiyo nguzo ya katikati ilikuwa ndefu kuliko wenzake kwa kibapa kimoja. Nilipolaza sakafu ya daraja juu ya nguzo zote tatu ilikaa katikati tu, pembeni ikaning'inia. Nami, badala ya kuuliza kwa nini, niliibonyeza kwa kiganja hadi ikashika. Tangu hapo sakafu ilikuwa imepinda kama upinde, ikiikandamiza nguzo ya katikati usiku na mchana. Kila lori lililopita liliongeza mtikisiko wake.

Lakini mkandamizo peke yake haupasui nguzo iliyojaa. Kuna kosa la pili, na hilo lilikuwa kwenye nguzo zote tatu.

Nguzo ilikuwa na vinundu 4 kwa 6. Tabaka la ukubwa huo linakula matofali matatu ya 2 kwa 4, na unaweza kuyapanga kwa namna mbili. Ya kwanza, yote matatu yamekingama: mishono inaangukia baada ya kinundu cha 2 na baada ya cha 4. Ya pili, mawili yamelala kwa urefu bega kwa bega, la tatu limekingama mwishoni: mshono unaangukia baada ya kinundu cha 4. Nilikuwa nabadilisha, tabaka moja hivi, linalofuata vile, nikijiona napishanisha. Tazama hesabu yenyewe: cha 4 kipo kwenye tabaka la kwanza, kipo kwenye la pili, kipo kwenye yote sitini. Hakuna tofali hata moja lililovuka mstari ule. Nilikuwa nimejenga nguzo mbili zilizosimama zikigusana, moja ya 4 kwa 4 na nyingine ya 4 kwa 2, zikishikwa na msingi chini na sakafu juu, basi. Fundi yeyote wa matofali ya kuchoma pale Uyole angeniambia kwa kuangalia mara moja.

Dawa yake ni kuiacha kabisa namna ya kwanza. Tumia ya pili peke yake, ila kila tabaka uligeuze: tofali lililokingama likiwa kulia huku, tabaka linalofuata liwe kushoto. Mshono unakwenda baada ya cha 4, baada ya cha 2, baada ya cha 4, na kila mara matofali mawili marefu ya tabaka la juu yanauvuka mshono wa chini. Nilijaribu na matabaka kumi nikayapinda kwa mikono miwili. Yalilia kidogo, hayakuachana.

Nikavunja nguzo zote. Bandia 99 nikaziweka kwenye ndoo yake na sijawahi kuzichanganya tena. Kisha nikagawanya: 441 kwa nguzo tatu, matofali matatu kwa tabaka, ni matabaka 49 kamili, bila tofali hata moja kubaki. Sentimita 47. Daraja lilipungua sentimita 10 na nusu, na nilipoliona limesimama sikuzitamani zile kumi. Mke wangu alinikuta alfajiri kwenye tabaka la 30 la nguzo ya pili, akaniwekea kikoi mabegani bila kuuliza, akaenda kubandika chai.

Sakafu niliirudisha kama ilivyokuwa: vinundu 8 kwa upana, 64 kwa urefu, matabaka matatu ya vibapa, na juu yake reli zangu nne zilizonyooka za vinundu 16 kila moja. Safari hii ilitua juu ya nguzo tatu kwa sauti moja.

Mjomba alifika kabla ya saa kumi. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba, hamjambo humu? Ndaga." Hakukaa. Aliliona daraja kabla ya kuvua koti, akalizunguka polepole, mikono nyuma. Sikumwambia ni la wapi. Alifika upande wa pili akasema, "Mpanga." Halafu akapiga magoti, akaweka shavu karibu na reli, akafumba jicho moja, akatazama kutoka mwisho huu hadi ule, kama anavyotazama mtu wa genge asubuhi kabla ya kuanza kazi.

"Hapa pamezama," akasema. Kidole chake kilikuwa nafasi ya pili, kati ya nguzo ya katikati na ya mwisho.

Nikaweka shavu palepale. Ilikuwa kweli, kama milimita mbili. Kati ya uso wa nguzo na uso wa nguzo kulikuwa na vinundu 26, sentimita 20.8 zisizo na kitu chini. Nafasi ya kwanza ilikuwa na vibapa virefu vilivyopishana vizuri. Ya pili nilikuwa nimeishiwa, nikajaza kwa vibapa vya 2 kwa 4, na kila kiungo cha vibapa vifupi ni mahali pa kupindia. Vinundu hushika vizuri ukivibana kutoka juu. Ukivivuta kwa chini ya kiungo vinaachia kidogokidogo.

"Kwenu mngefanyaje?" nikamuuliza.

"Mhimili. Tena wenye kimo. Bati hata uliongeze mara tatu ni bati tu."

Nikatoa boksi la vipande vya Technic, vile vyenye matundu ubavuni. Sakafu ilikuwa pana kuliko nguzo kwa kinundu kimoja kila upande, kwa hiyo mhimili ungepita nje ya nguzo ukishika sakafu kwa chini. Tulitengeneza miwili. Kila mmoja: safu ya chini tofali mbili za kinundu 1 kwa 16, juu yake vibapa viwili vimelala, juu tena safu nyingine, lakini hii imeanza na 1 kwa 8, ikafuata 1 kwa 16, ikamaliza na 1 kwa 8, ili viungo vya juu na vya chini visikutane. Kwa nini vibapa viwili, si kimoja wala vitatu? Kwa sababu tofali moja na vibapa viwili ni milimita 9.6 na 6.4, jumla 16, na 16 ni umbali wa vinundu viwili sawasawa. Matundu ya safu ya juu na ya chini yanakaa mahali ambapo kipande cha wima chenye matundu matatu kinaingia bila kulazimishwa. Ukikosea idadi ya vibapa, pini haiingii, na ukiisukuma kwa nguvu unapasua tundu.

Vipande vya wima vitatu kwa kila mhimili, kimoja karibu na kila kiungo, pini mbili kila kimoja: pini 12. Mjomba alizichukua za kijivu kwa kuwa ziliingia kirahisi. Nikamwonyesha kwamba hizo ni za vitu vinavyozunguka. Zinazokaza ni nyeusi, zenye vikwaruzo. Akazirudisha moja moja kwenye kisahani, akaanza upya na nyeusi, akizisukuma kwa ukucha wa dole gumba hadi zilie.

Tulipobandika mihimili alipiga jicho tena, muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Akaomba jozi ya magurudumu ya behewa iliyokuwa kwenye salfeti, akaiweka mwanzo wa reli na kuigusa kwa kidole. Ilikwenda vinundu vyote 64 bila kusita popote na ikaanguka kwenye kiganja chake upande wa pili.

"Sawa," akasema, akavua koti. "Na kokoto?"

Nilikuwa sijafikiria. Nikamletea beseni la vibapa vya mviringo vya kinundu kimoja, vya kijivu.

"Hizi ni za Kongolo," akasema, akitaja machimbo ya kokoto za reli, akachota konzi ya kwanza na kuanza kumimina kati ya mataruma. Chai yake ilikuwa imeshapoa.