Mbao Yao Wenyewe, Wananiuliza Nimeitoa Afrika

Jamani, nimechoka na hili swali. Jumamosi sokoni hapa Richmond, Marekani, nimepanga vyombo vyangu vya mbao mezani, mama mmoja akachukua bakuli, akaligeuzageuza, eti mbao nzuri hivi huwa natumiwa kutoka Afrika? Mama, hiyo ni dogwudi, mti wa hapahapa kwenu! Ndilo ua la jimbo lenu la Virginia tangu 1918, na mti wa jimbo tangu 1956. Kila Aprili mnasimamisha magari kuupiga picha, ila ndani ya gome hamjawahi kuchungulia.

Na ndani ndiko kwenye mali. Mti wenyewe mdogo, shina mara chache linazidi sentimita 30, kwa hiyo usitegemee kuukuta duka la mbao. Lakini ni mgumu, na nyuzi zake zimeshonana kwelikweli. Zamani viwanda vya nguo viliupapatikia kwa ile mitumbwi midogo ya kupitishia uzi kwenye mitambo ya kufumia, maana kadiri unavyosuguliwa ndivyo unavyozidi kuteleza, hautoi kibanzi cha kunasa uzi. Sisi tuliojifunzia kwenye mpingo tunauheshimu ugumu, lakini huu una kiburi chake: ukikauka unasinyaa sana, na ukizubaa unapasuka. Gogo likikatwa leo, leo hiyohiyo napaka nta ncha zote mbili, nalipasua katikati kiini kitoke. Nakereza likiwa bichi, maji yananirukia usoni, utepe mweupe wenye uwaridi unashuka mpaka sakafuni. Bakuli la sentimita 20 naliachia ukuta wa sentimita 2, nalifukia na maranda yake kwenye mfuko wa karatasi likauke polepole, miezi kadhaa. Likitoka duara limepinda; ndipo narudi mashineni kulimaliza.

Halafu mtu anauliza kwa nini dola 60. Ndugu zangu wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, msicheke, najua bakuli la karanga huko linauzwaje. Ila mimi nalipia meza, bima, umeme, na hapa hakuna kijana wa kukupigia msasa kwa soda na chapati.

Mnaoniuliza WhatsApp kama fundi akija atapata kazi: kazi ipo, lakini cheti changu cha VETA, cha ufundi stadi kule Tanzania, hakuna aliyekiomba. Wanataka kuona mkono. Njoo na picha za kazi zako, jifunze inchi na robo zake, na usiuze mashine yako kwa ajili ya nauli. Mwanzoni utabeba boksi, yaani vibarua vyovyote vile, kama sisi wote.

Magogo yenyewe napewa bure. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kuna ugonjwa wa ukungu unaoua miti hii, huanzia matawi ya chini. Wa jirani yangu umeshaanza kukauka. Mzee kaniambia nije na msumeno wangu nibebe wote, ila nisubiri mkewe asafiri, maana aliupanda yeye.