Nikifuata nyayo za Noble Frankland: Lambeth, Duxford na mtoni Thames

Ukitoka kituo cha Lambeth North, hatua chache tu, mizinga miwili ya manowari inakutazama kwa dharau. Kila mmoja una uzito wa tani 100 hivi. Nyuma yake kuna jengo lenye kuba, zamani hospitali ya wagonjwa wa akili, ambalo tangu 1936 ni makao ya Imperial War Museum, makumbusho ya vita ya Uingereza. Mizinga hiyo iliwekwa mwaka 1968, zama za mkurugenzi aliyenileta London: Noble Frankland, askari wa anga aliyegeuka mwanahistoria, akaiongoza makumbusho hii kuanzia 1960 hadi 1982.

Lambeth niliipitia harakaharaka. Kiingilio ni bure, na umati wenyewe ulilionyesha hilo. Nilichokitaka kilikuwa Duxford, tawi lake la ndege.

Nilipanda treni Liverpool Street, nikashuka Whittlesford Parkway, mashamba kila upande. Duxford ulikuwa uwanja wa ndege za kivita. Ndege za Spitfire za kwanza kuingia kikosini zilipokelewa hapa mwaka 1938. Jeshi lilipouacha, Frankland akaona pa kuwekea ndege zisizoenea Lambeth. Ukumbi mmoja una Lancaster nzima, ndege ya kudondosha mabomu iliyobeba watu saba. Nikaganda hapo.

Katika Vita Kuu ya Pili, Frankland alikuwa navigeta, yaani mwongoza njia, kwenye ndege za Bomber Command, kitengo cha jeshi la anga la Uingereza kilichodondosha mabomu. Navigeta wa Lancaster aliketi nyuma ya pazia, taa yake isije ikaonekana nje, akipiga hesabu za upepo, kasi na muda usiku kucha. Kazi yake ilikuwa kujua ndege iko wapi hasa, si wapi wenzake wanadhani iko. Na kudhani kulikuwa kwingi: mwaka 1941 ripoti ya Butt, uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya serikali, ilipima picha zilizopigwa angani, ikakuta kwamba kati ya ndege zilizohesabiwa kuwa zimeshambulia shabaha, thuluthi moja tu zilifika ndani ya kilomita 8 kutoka shabaha hiyo.

Kwa hiyo sishangai alichokifanya baadaye. Yeye na mwanahistoria mwenzake Charles Webster waliandika historia rasmi ya mashambulizi hayo ya anga dhidi ya Ujerumani, juzuu nne, zikatoka 1961. Waliuliza mabomu yalileta nini hasa. Jibu lao: kwa miaka mingi yalileta kidogo kuliko ilivyotarajiwa, ingawa mwishoni mchango wake ulikuwa mkubwa. Bomber Command ilipoteza watu 55,573, basi wapo waliolisikia jibu hilo kama tusi kwa marehemu. Webster alikwishafariki mwaka huohuo. Lawama zikamwangukia Frankland. Mimi naona DFC, nishani yake ya ushujaa angani, ilimsaidia: nani angemwambia hajui vita?

Siku iliyofuata nilishuka London Bridge kuiona HMS Belfast, manowari ya zamani iliyotia nanga mtoni Thames. Mwaka 1967 watu wa makumbusho walikuwa wakitafuta mnara mmoja tu wa mizinga ya manowari wa kuhifadhi. Hesabu zikakua hadi wakataka manowari nzima. Serikali ikakataa. Ikaundwa taasisi ya kuiokoa isikatwe chuma chakavu, na Oktoba 1971 ikafunguliwa kwa umma, kisha 1978 ikawa tawi la makumbusho. Hapa unalipa, tena si kidogo. Panda hadi sitaha ya mbele uitazame mizinga: imeelekezwa kwenye kituo cha mapumziko cha barabara kuu ya M1, kilomita 20 hivi kutoka mtoni, mahali ambapo madereva hunywa chai bila habari yoyote.