Waliniambia tabo imekufa, nikakamata panapovuja kwa poda ya mtoto

Wakuu leo acheni nijisifu kidogo maana nimechekwa vya kutosha. Nina Toyota Hilux Surf yenye injini ya 1KZ, ile dizeli ya lita 3, niko nayo Iringa. Nimetoka kuifanyia sevisi tu ikaanza moshi wa bluu, halafu kila asubuhi kuna kidimbwi cha oili chini. Siku napanda nayo mlima Kitonga wenye malori nyuma yangu walinipigia honi za matusi kabisa.

Fundi wa kwanza kafungua boneti, kaona tabo (turbo, ile feni inayosukumia injini hewa) imeloa oili, hata hajaigusa: "Bosi, tabo imekwisha hiyo." Ya mtumba nilitajiwa kama laki nane, bado ufundi. Wa pili akasema weka oili nzito itaziba yenyewe. Itaziba nini sasa? Gasketi iliyokauka haijali uzito wa oili, na tabo yenyewe inataka oili ifike haraka ukiwasha asubuhi.

Nikajifanya fundi. Nikachukua gundi ya gasketi nikapaka tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, kwa nje, juu ya oili oili hivyo hivyo, kama mtu anapaka siagi kwenye mkate. Siku tatu natembea kifua mbele. Ya nne gundi yote inaning'inia kama kamasi na kidimbwi kiko pale pale, mama watoto akaniuliza hilo nalo umeliosha au umelichafua.

Ndo akili ikanijia. Nikaosha injini na petroli na brashi, ikiwa ya baridi jamani msijichome, nikaiacha ikauke kabisa, nikachukua poda ya mtoto nikainyunyizia kila mahali mpaka ikawa kama andazi. Nikaenda Ilula nikarudi, nikanunua na nyanya. Kufungua boneti, poda yote nyeupe isipokuwa mstari mmoja mweusi, unaanzia kona ya nyuma ya tapeti kava unashuka mpaka juu ya tabo. Juu ya tabo! Oili inateremka na inasukumwa na upepo, we ukiangalia panapodondokea umeshapotea, fuata palipo juu kabisa.

Bado moshi. Nikafungua bomba la hewa linaloingia kwenye tabo nikashika feni ya tabo kwa vidole. Kucheza kidogo kushoto kulia ni kawaida, shafti inaelea kwenye oili. Ukiivuta na kuisukuma ikawa inakwenda mbele nyuma, au feni imekwaruza nyumba yake, hapo lia. Yangu haisogei hivyo, kama mpya. Ila bomba lenyewe limejaa oili, inatoka kwenye ule mpira wa kupumulia injini. Nikavuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, oili imepita alama ya juu kwa kidole kizima! Aliyefanya sevisi kanijazia kopo zima, injini inatapika, tabo inameza, mimi naambiwa laki nane. Na injini ya dizeli ikinywa oili yake nyingi inaweza kuzunguka yenyewe kwa kasi hata ukizima swichi, sio utani.

Nikapunguza kama lita moja na nusu, nikafuta bomba, nikaweka gasketi mpya ya tapeti kava, bei sikumbuki vizuri, ilikuwa elfu thelathini na kitu. Moshi uliendelea siku mbili nikataka kulia, kumbe ni mabaki ya ndani yanaungua. Fundi wa kwanza nilimpitia jana na gari, injini inanguruma bila moshi, akaniuliza tabo nimeipata wapi. Nikamwambia dukani, sehemu ya vipodozi.