Bando la shangazi: apt imetulia, hatimaye

Jana laptopu ya shangazi ilishinda hewani asubuhi nzima na bando halikuguswa ila na WhatsApp yake. Nimeangalia kwa nethogs, nikaangalia tena kwa vnstat, vyombo viwili vya kupima data inayotumika, kisha nikashuka zangu Mkomani, mtaa wa hapa Lamu, nikijiona fundi kweli kweli.

Mnaofuata mradi huu mnajua kisa. Distro, yaani mfumo wa Linux, ya ukoo wa Debian, inayoleta programu na masasisho kwa chombo kiitwacho apt; juu yake GNOME, sura ya skrini; kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Yeye kazi yake ni oda za halua na daftari la duka, basi. Lakini bando la asubuhi likawa halifiki alasiri, na kila nikipita Langoni naitwa: "Mwanangu, hii kompyuta yako yala bando kuliko watoto."

Kilichonisumbua ni kwamba kwangu haikuwa hivyo. Laptopu ile ile nikiiunganisha na hotspoti ya simu yangu inatulia; ikirudi dukani inaanza kula. Nilichimba hadi nikafika kwenye DHCP, mazungumzo ambayo mashine hupewa anwani yake ya mtandao. Simu ya Android ikigawa intaneti hutuma alama, `ANDROID_METERED`, na NetworkManager, programu inayosimamia mtandao kwenye laptopu, ikiiona hukisia kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Shangazi hatumii hotspoti ya simu. Anatumia ruta ndogo ya laini, ile ya mfukoni, na ruta yake haitumi alama yoyote. NetworkManager inakisia kwamba intaneti ni ya bure, na unattended-upgrades, inayosasisha mashine bila kuuliza mtu, nayo inashusha mzigo kana kwamba tuko kwenye ofisi yenye faiba.

Basi nikaiambia wazi:

`nmcli connection modify "Duka" connection.metered yes`

Mzigo mkubwa ukakoma, maana unattended-upgrades yenyewe huruka masasisho kwenye mtandao wa kulipia. Nikashangilia mapema, kwa sababu kila akiwasha mashine, megabaiti zilikuwa bado zinavuja. Si nyingi, ila kwa mtu anayenunua bando la siku ni nyingi.

Hapa ndipo nilipokesha. `systemctl list-timers`, amri ya systemd (inayowasha na kusimamia huduma za mashine), ikanionyesha ratiba ya apt, `apt-daily.timer`: saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na ucheleweshaji wa kubahatisha unaoweza kufika muda wa masaa 12. Juu yake kuna `Persistent=true`, yaani kama mashine ilikuwa imezimwa zamu ilipopita, zamu hiyo hulipwa ikiwashwa. Laptopu ya shangazi huzimwa kila usiku, kwa hiyo kila asubuhi ina deni. Na hatua ya kuvuta orodha za pakeji, yaani vifurushi vya programu, haiulizi kabisa kama mtandao unalipiwa. Unattended-upgrades inauliza, apt update ya ratiba haiulizi. Nani alikaa akaamua hivyo?

Kuizima timer nzima ningeweza, lakini mashine isiyojua kuna masasisho ya usalama siitaki mikononi mwa mtu anayefungua kila kiungo anachotumiwa na mashoga zake. Nilichotaka ni iulize kwanza. Dawa ikawa `ExecCondition`, sharti la kupimwa kabla huduma haijaanza, ambalo systemd inalo tangu toleo la 243. Nikafanya `systemctl edit apt-daily.service`:

```
[Service]
ExecCondition=/usr/local/bin/mtandao-wa-bure
```

Na skripti yenyewe:

```
#!/bin/sh
! nmcli -g GENERAL.METERED device show wlp2s0 | grep -q '^yes'
```

Mtandao ukiwa wa kulipia, skripti inarudisha 1 na huduma inarukwa kimya, bila kuandikwa kwamba imefeli. Safi sana. Watu wanaotukana systemd siku nzima sijui kama wamewahi kufungua mwongozo wake, `man systemd.service`.

Wapo watakaosema ningemwekea Arch, distro ya wanaopenda kujipangia kila kitu, yaishe. Kweli, Arch haina timer ya kukupakulia kitu usichokiomba. Lakini pacman, apt ya huko, inataka usasishe vyote kwa pamoja, na siku amri hiyo ya kusasisha, `-Syu`, itakapotaka mkono wa mtu, mtu huyo ni mimi, na mimi huenda niko Mokowe, ng'ambo bara. Upande wa pili, distro rahisi zimeficha uamuzi unaomgharimu shangazi pesa. GNOME ina kisanduku cha kutia alama kwamba mtandao unalipiwa, lakini kiko nyuma ya gia ndogo pembeni ya jina la waifai. Yeye angeanzia wapi kukitafuta?

Na si kwamba haiwezekani kufanya vizuri. Debian walipiga kura mwaka 2022, na toleo la 12 la Juni 2023 likaja na femuwea zisizo huru, yaani programu za ndani ya vifaa kama waifai ambazo si chanzo huria, ndani ya kisakinishi rasmi. Waifai inaamka yenyewe, lakini zimetengwa kwenye fungu lao, `non-free-firmware`, na asiyezitaka anaandika `firmware=never` wakati wa kuwasha. Mint, distro nyingine, nao walipoikataa Snap, njia ya Ubuntu ya kugawa programu, katika toleo la 20, mwaka 2020, uamuzi waliuweka kwenye faili moja, `nosnap.pref`. Huupendi? Futa faili. Hivyo ndivyo ninavyotaka: nirahisishie, lakini niachie swichi mahali ninapoiona.

Mpango wa wiki hii ulikuwa dirisha dogo la zenity, chombo cha kutengeneza visanduku vya skrini, lenye kitufe cha "Sasisha sasa", ili shangazi abonyeze mwenyewe akiwa kwenye intaneti isiyohesabiwa. Sijaligusa. Nilipokuwa nasoma kuhusu apt nikakumbuka apt-cacher-ng, kache inayohifadhi pakeji zilizokwisha shushwa ili mashine nyingine zizichukue hapo, na kwamba madrasa kuna mashine kadhaa zinazoshusha pakeji zile zile, kila moja kwa bando lake. Saini ya orodha za pakeji apt inaikagua yenyewe, na kila pakeji inalinganishwa na orodha hiyo, kwa hiyo kache ya katikati haiharibu kitu.

Nimefufua laptopu moja kuukuu ambayo chumvi ya hewa ya huku imeshakula matundu yake ya USB, ila tundu la waya wa mtandao ni zima. Apt-cacher-ng inasikiliza kwenye poti 3142. Mashine ya kwanza imevuta LibreOffice kutoka nje; ya pili imeipata humo humo ndani. Sasa nahangaika na hazina moja ya pakeji, ya `https`, inayogoma kupita kwenye kache, na maalim ameshaanza kuuliza kama hiyo mashine inaweza kubeba na rekodi zake za kisomo.