Gitaa la pili ndo lililonitoa kwenye sabufa

Kwetu Temeke ukisema fulani ana mziki watu wanaelewa ana mziki mkubwa, yani akiwasha nyumba ya tatu wanajua leo yupo. Na mimi nilikuwa hivyohivyo, nina sabufa yangu, boksi limeandikwa maelfu ya wati za PMPO, zile wati za kutangazia biashara tu, na niliipenda kweli. Kwa hiyo hii sio habari ya mtu aliyekuwa hana mziki akapata, mimi mziki nilikuwa nao wa kutosha tu, halafu nikasikia kitu kingine kabisa na tangu hapo sijarudi nyuma.

Aliyenisikilizisha ni mzee mmoja wa mtaani, baharia mstaafu, sisi wote tunamwita Babu. Enzi zake za meli alirudi na amplifaya ya Sansui, deki ya kaseti na spika mbili za mbao, na mpaka leo akizima anavifunika kitambaa. Nilienda kumrekebishia simu yake.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu ukae. Sio hapo, kaa kile kiti cha katikati."

Akaweka kaseti ya Mlimani Park, Sikinde wenyewe wa miaka ile ya mwanzo, bendi imeanza 1978, rekodi za Radio Tanzania pale studio za Barabara ya Pugu. Volyumu aliweka chini kiasi kwamba tuliweza kuongea bila kupaza sauti, na mimi kichwani najiuliza mbona hafungulii.

Sasa ule wimbo mimi nimekua nao, mama alikuwa anaupiga kila Jumapili akifua, naujua kiitikio, naujua mahali tarumbeta zinaingia. Ila pale kwa Babu nikasikia gitaa ambalo sijawahi kulisikia maishani. Solo nalijua, besi nalijua, lakini katikati kuna lingine linamjibu solo taratibu, linazunguka palepale halichoki, na ukilifuata hilo ndo unagundua wimbo wote umebebwa nalo. Nikamuuliza Babu hii wameirekodi upya? Akasema hapana, hilo ni second solo, lipo humo miaka yote. Halafu waimbaji, mimi miaka yote nasikia sauti moja nene, kumbe Gurumo yuko chini na Bitchuka yuko juu na kila mmoja unaweza kumfuata peke yake mpaka unasikia anapovuta pumzi. Na sauti haikuwa inatoka kwenye spika ya kushoto wala ya kulia, ilikuwa katikati, hewani, pale ukutani ambapo hakuna kitu. Babu akanieleza kaseti ile ni mono, spika zote mbili zinatoa kitu kilekile, na ndo maana mtu akikaa umbali sawa kutoka kila spika masikio yanamweka mwimbaji katikati. Ndo sababu ya kunihamisha kiti.

Nilikaa mpaka kaseti ikaisha pande zote mbili, simu nikaisahau.

Nikirudi home nikapiga wimbo uleule kwenye sabufa, nikalitafuta lile gitaa, halipo. Lipo lakini limezama. Nikaanza kusoma na kuulizia na nikaelewa kwa nini. Zile spika ndogo za pembeni zina koni moja ya inchi tatu hivi, haiwezi kutoa sauti nene za chini, kwa hiyo kila kitu cha chini kinasukumiwa lile boksi kubwa la sakafuni, na lile limetengenezwa litingishe, sio lieleze. Gitaa la besi uzi wake mnene kabisa ni hezi 41, yani unatetema mara 41 kwa sekunde, na linapanda kutoka hapo, sauti ya mwanaume nayo inaanzia kama hezi 100, sasa mwimbaji mmoja nusu anatoka sakafuni nusu anatoka juu ya kabati, utamsikiaje akiwa mtu mmoja? Na zile wati za PMPO zisikutishe, spika ya kawaida ya nyumbani ukiipa wati moja tu ya kweli unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 86 au 87 ukiwa mita moja, na hiyo tayari ni sauti ya kujaza chumba. Ukitoka wati 20 kwenda 40 unaongeza desibeli 3 tu, sikio linaona imepanda kidogo basi. Hii kwangu ilikuwa habari njema sana maana ilimaanisha sihitaji kitu kikubwa, nahitaji kitu safi.

Nikaingia kwenye maduka ya used. Ukiyazungukia utakuta amplifaya za zamani za Japani zimepangwa kama matofali, Pioneer, Technics, Kenwood, nzito, uso wa alumini, na bei yake chini kwa sababu vijana hawazitaki, hazina bluetooth wala taa za rangi. Kabla sijaenda Babu alinipa sharti moja, usiangalie mbele, geuza nyuma usome umeme. Japani ndani kwao wanatumia volti 100 na sisi huku ni 230. Zile zilizotengenezwa kuuzwa nje, kama yake aliyonunua akiwa melini, nyingi zina kitufe nyuma cha kuchagua umeme, ila zilizokuja kwenye kontena moja kwa moja kutoka majumbani kwa Wajapani zimeandikwa 100V tu, ukichomeka kwenye ukuta wetu umeiua hapohapo. Za kutoka Uingereza hazina shida hiyo, umeme wao unafanana na wetu na hata plagi ni hizihizi za pini tatu bapa, ndo maana bei yake iko juu.

Mimi nilichukua ya Japani, ya wati 35 kila upande, nikamwonyesha muuzaji ile 100V akashusha bei bila kelele. Transfoma za kushusha umeme zinazouzwa nyingi zinatoa 110, na umeme wetu ukipanda kidogo basi unapita hapo, nikaona kwa kitu cha umri ule siwezi kukipa presha kila siku. Nikaenda kwa fundi anayesuka mota, nikamwambia nyuma imeandikwa inakula wati 150, nisukie ya wati 300 itoe 100 kamili. Akasuka, akaweka mita mbele yangu ikasoma 101. Fundi redio naye akabadilisha kapasita zilizovimba na akapuliza dawa kwenye volyumu maana ilikuwa inakwaruza ukiizungusha.

Spika ndo zilichukua muda, na hapa naomba mtu asikimbilie. Spika nyingi za zamani ile pete inayozunguka koni ni sponji, na kwa joto na unyevu wetu wa pwani sponji inaoza mpaka ukiigusa inabaki unga kidoleni. Tafuta yenye pete ya mpira. Sukuma koni taratibu na vidole vyote kwa usawa, ikisugua ndani achana nayo. Halafu beba betri moja ndogo ya rimoti, gusisha kwenye nyaya, chanya kwa chanya, ikitoa pap na koni ikaruka mbele iko hai na nyaya ziko sawa. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, hiyo betri haikuthibitishii vizuri, hiyo lazima upige wimbo na uweke sikio karibu. Nilipata pea ya Wharfedale ndogo za kuweka kwenye shelfu, mbao imechubuka pembeni lakini ndani nzima.

Nikafunga kila kitu, nikawasha, na ikawa nzuri lakini haikuwa kama kwa Babu. Nikamwita aje. Alisimama mlangoni akapiga makofi mara moja, ukuta ukarudisha tiing, akasema chumba chako kinaongea kuliko spika. Ukuta wa saruji, sakafu tailizi, dirisha la kioo, kila sauti inagonga na kurudi. Tukatandika zulia kati ya spika na kochi, tukashusha pazia zito, kabati la vitabu na nguo tukalihamishia ukuta wa nyuma ya kochi. Spika zilikuwa zimebanwa kwenye kona na kona inavimbisha besi, tukazivuta mbele karibu nusu mita, tukazipandisha juu ya matofali ya block yaliyofunikwa kanga mpaka twita zikawa usawa wa masikio, na umbali kati yao tukaufanya sawa na umbali wa kila moja mpaka kwenye kochi. Hayo yote hayakula hata senti ukitoa zulia, na kwa maoni yangu yalibadilisha mziki kuliko kitu chochote nilichonunua.

Kilichobaki kilikuwa nyimbo zenyewe. Flash za kujaziwa nyimbo mia tano nyingi zina MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde, CD ya kawaida ni 1411, na kwenye sabufa hutaona tofauti ila hapa matoazi yanasikika kama mchanga. Deki ya zamani ya DVD niliyokuwa nimeiweka uvunguni ikawa ndo ya kupigia CD, waya mwekundu na mweupe nyuma, kazi imeisha.

Na gitaa lile lilikuja, lipo, nalifuata mwanzo mpaka mwisho. Ila aliyenifurahisha zaidi ni mama. Yeye ni mtu wa taarab, nikampigia CD ya Ikhwani Safaa, kikundi cha tangu 1905 pale Unguja, nikamkalisha katikati. Akanyamaza weee, halafu akasema, "Mwanangu, kumbe mpiga kanuni huwa hapumziki? Mimi nilidhani anaingia kwenye vibwagizo tu." Kanuni ni ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab. Sasa hivi mama akija anakaa kile kiti bila kuambiwa na anachagua mwenyewe.

Watu wananiuliza ilinigharimu kiasi gani, jumla yake pamoja na transfoma na fundi haikufika bei ya tivi bapa mpya ya inchi 43. Nawaambia kabla ya bei waje kwanza na wimbo wanaoujua kuliko wote, wakae tuupige. Kijana wa nyumba ya nyuma alikuja na bongo fleva yake, akasikia sauti za kuitikia ambazo hakujua zipo, kesho yake akaingia kwenye maduka ya used. Juzi kaleta pea ya spika tukaikagua na betri, wufa, zile koni kubwa za sauti nene, zote ziko hai, ila tulipopiga wimbo twita ya kulia ikawa kimya. Tumeirudisha na muuzaji kakubali kutafuta nyingine, na transfoma yake iko kwa fundi inasukwa.