Jina la baba mkubwa lilivyonifikisha kwa baba yake babu

Kwa zaidi ya miaka 40 niliamini kwamba baba yake babu ni yule mzee aliyezikwa karibu na mfereji, kihambani kwetu (shamba la ukoo) Old Moshi, mlimani Kilimanjaro. Kila Krismasi tukipanda nyumbani tulipalilia kaburi lake. Sasa najua yule alikuwa mdogo mtu. Baba yake babu mwenyewe alikufa kijana, mtoto wake wa pekee akiwa bado tumboni, na ukoo mzima ukaacha kumtaja. Nimempata, na naandika kwa sababu ushauri niliopewa mwanzoni ulinipotezea mwaka mzima.

Wa kwanza aliniambia nitafute cheti. Cheti gani? Mwisho wa karne ya 19 nani alikuwa anamwandikia Mchaga cheti cha kifo? Wa pili akasema nitume mate Ulaya yakapimwe vinasaba, kama laki tatu na kitu. Kaka na mdogo wake ni damu moja, kipimo kile kingewatenganishaje? Nilikaribia kulipa, nashukuru sikulipa.

Kilichonifungua macho ni majina. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Siku tunamzika baba mkubwa, wasifu wake ukasomwa, likatajwa na lile jina lake la Kichaga ambalo watu wa mjini hawalijui. Nikashtuka. Yeye ni kifungua mimba wa babu, kwa hiyo alipaswa kubeba jina la mzee wa mfereji. Halibebi. Baba yangu, wa pili, ana jina la babu mzaa mama sawasawa kabisa. Basi lile la baba mkubwa ni la nani?

Wiki iliyofuata nikapanda kwa shangazi, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki. Sukari, kitenge, galoni ya mbege, jumla kama elfu hamsini. Kwa wazee usiende mikono mitupu, na usianze na maswali. Nilikaa naye jikoni anamenya ndizi za mtori, vidole vyeusi kwa utomvu, nikamuuliza habari za ng'ombe kwanza. Alipofika nusu ya beseni ndipo nikalitaja lile jina. Kisu kikasimama.

"Nani kakwambia?"

"Nimelisikia msibani, shangazi."

"Huyo ndiye aliyemuoa bibi yangu, baba. Mzee wa mfereji alimrithi tu."

Bibi yake alimsimulia hayo alipokuwa msichana mdogo, wakiota moto. Mume alikufa kwa miguu. Funza walikuwa wageni mlimani siku hizo, watu hawajajua kuwatoa, vidonda vikaoza. Kifo hicho kilionekana cha aibu, ndiyo maana hakitajwi. Kisha shangazi akasema neno ambalo nililiandika hapo hapo nyuma ya bahasha: "Mangi Meli aliponyongwa, bibi alikuwa na mimba ya miezi minne, na mumewe yuko tayari chini ya masale." Masale ni mmea ambao kwetu hupandwa penye makaburi na mipakani.

Meli, mangi yaani mtawala wa Moshi, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Rudisha miezi minne nyuma: mwanzoni mwa Novemba 1899 baba yake babu alikuwa hai. Amekufa kati ya hapo na Machi. Mtu asiye na hata karatasi moja, na nimembana ndani ya miezi minne! Tena shangazi alisikia kwamba alitahiriwa karibu na vita ya 1892, ile ambayo Meli aliwapiga Wajerumani na kamanda wao von Bülow akauawa. Namkadiria miaka 25 hivi.

Nilitaka uthibitisho. Wamisheni wa Leipzig, Walutheri kutoka Ujerumani, walifika Machame 1893 na Moshi 1896, na babu alibatizwa nao akiwa kijana. Usharika mmoja wa huko juu ukaniruhusu kupiga picha ukurasa wake kwenye kitabu cha ubatizo. Hapo nilikwama vibaya. Mwandiko ni ule wa Kijerumani cha zamani, wa mikwaju iliyolala. Safu ya baba nikaisoma jina ambalo si la kwetu kabisa. Wiki tatu nililifukuza jina hilo. Nilikwenda hadi Uru, boda mpaka kwa mzee mmoja anayejua koo zote, akanipa chai, akafikiri sana, akasema ukoo wa namna hiyo haupo. Nilirudi nimevunjika moyo, nikaanza kumshuku shangazi.

Mwalimu mstaafu aliyesoma Ujerumani ndiye aliyeniokoa. Alivuta picha kwenye simu, akacheka kidogo, akasema: "Hiyo si n. Ni e. Kwenye mwandiko huu e ina migongo miwili kama n." Jina lile lina e mbili. Nilipozibadilisha likatokea jina la baba mkubwa, herufi kwa herufi, na pembeni yake kamsalaba kadogo, alama ya marehemu. Mikono ilinitetemeka. Kama una picha za vitabu hivyo, anza na n zako zote kabla hujapanda boda.

Nilipanda tena kwa shangazi, nikamkuzia picha. Hasomi vizuri siku hizi, kwa hiyo nikamsomea mimi. Akanirekebisha matamshi mara mbili, kisha akashika fimbo yake, akanipeleka nyuma ya zizi kwenye kishada cha masale ambacho siku zote nilidhani ni mpaka.